Hita ya tangi, lita 50, kilowati 1.5: uzoefu wangu

Nimekaa na hita hii muda wa kutosha kusema kwamba inafanya kazi yake vizuri, ila ni ya watu wasio na haraka. Muuzaji aliisifu kwa maneno haya: "Hii ina kilowati moja na nusu tu, inakula umeme kidogo kuliko ya kilowati tatu." Sikukubaliana naye, na mita iko upande wangu.

Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzijoto moja kunahitaji takriban wati-saa 1.16, upende usipende. Maji yakiingia tangini yakiwa na nyuzijoto 20 nami nikayataka yafike 60, lita 50 zitanilia yuniti 2.3 hivi (yuniti moja ni wati-saa 1,000). Hita yangu huzimaliza kwa saa moja na nusu. Ya kilowati 3 ingezimaliza kwa dakika 47, na yuniti zingekuwa zilezile. Bomba jembamba na bomba nene hujaza ndoo ileile. Kilowati ni unene wa bomba, yuniti ndiyo maji yaliyomo ndooni, na bili huja kwa ndoo.

Kilowati ndogo zina faida yake, lakini faida hiyo iko kwenye nyaya. Kwa umeme wa volti 230, hita hii huvuta ampea 6.5 tu, hivyo pasi na jiko havigombani nayo sana. Hita ya papo kwa papo, isiyo na tangi, ya kilowati 5.5 huvuta ampea 24 na lazima iwe na waya wake mnene na swichi yake. Tena hata hiyo, ukipitisha lita 3 kwa dakika, huongeza nyuzijoto 26 tu. Fungua bomba zaidi, maji yanapoa. Kwa upande mwingine, dakika kumi za kuoga nayo hazifiki hata yuniti moja, na ukimaliza imezima. Kwa mtu anayeishi peke yake, ningemwambia achukue hiyo.

Sisi tuko wengi. Lita 50 za nyuzijoto 60 zikichanganywa na maji ya baridi ya 20 hutoa lita 100 za nyuzijoto 40, na kila mtu anaoga bila kusubiriana. Upotevu uko kwingine: tangi likikaa na maji moto kutwa nzima, joto huvuja polepole na hita hurudi kuwaka kufidia. Ndiyo maana tunaiwasha kabla ya kuoga, si asubuhi hadi usiku. Joto lenyewe silishushi chini ya 60, kwa sababu bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, hupenda maji ya uvuguvugu.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu kitufe cha kurekebisha joto hakina namba, kina alama ya jua dogo na jua kubwa, na ilibidi nitafute kipimajoto changu mwenyewe.