Jumamosi Sita za Historia ya Shule za Marekani: Tathmini ya Kozi Fupi Mombasa

Kwa Jumamosi sita mfululizo nilikuwa miongoni mwa watu wasiozidi ishirini waliopanda ngazi za jengo moja la ghorofa karibu na Makadara, kuhudhuria kozi fupi ya historia ya ubaguzi wa rangi katika shule za miji ya Marekani. Ada ni shilingi 3,500 kwa awamu nzima, hulipwa kwa M-Pesa siku ya kwanza, na ndani yake mna vitini, kahawa chungu na kaimati za mapumziko. Wengi wetu tulikuwa walimu wa historia wa shule za upili, pamoja na wanafunzi watatu wa chuo kikuu na mama mmoja mstaafu kutoka Kisauni, ambaye alifundisha shule za msingi kwa miaka mingi na ambaye swali lake, kama nitakavyoeleza, lilikuwa zuri kuliko somo lililofundishwa siku hiyo.

Kasoro za nje nizitaje mapema ili niziache. Ukumbi una joto, feni mbili kati ya nne hazizunguki, na hakuna Jumamosi hata moja ambapo kipindi kilianza kwa wakati uliotangazwa. Vitini vilitolewa nakala kwa mashine iliyochoka, na kasoro hiyo, kwa bahati ya ajabu, ndiyo iliyotupatia kipindi bora kuliko vyote.

Mkufunzi alianza mahali ambapo wengi hatukutarajia. Tulikuja tukidhani kwamba habari hii ni ya majimbo ya Kusini peke yake, yale yaliyokuwa na watumwa, lakini yeye akaanza na Boston ya miaka ya 1840, ambako mtoto mweusi aitwaye Sarah Roberts alikuwa akizipita shule za jirani kila asubuhi ili afike katika ile iliyotengwa kwa ajili ya watoto wa rangi yake. Baba yake aliishtaki serikali ya mji na mwaka 1850 akashindwa mahakamani. Miaka 5 baadaye bunge la Massachusetts likapiga marufuku utengano huo kwa sheria. Hoja zilizomshinda mzee Roberts hazikufa, kwani zilitumiwa tena mwaka 1896, pale Mahakama ya Upeo ya Marekani ilipoamua, katika kesi ya behewa la treni la Louisiana, kwamba watu wanaweza kutenganishwa kwa rangi maadamu wanachopewa kinaitwa sawa. Uamuzi huo ulizitawala shule kwa zaidi ya nusu karne.

Kipindi cha pili kilihusu hukumu ya Mei 17, 1954, ambayo kwayo Mahakama ya Upeo iliutangaza utengano wa rangi katika shule za umma kuwa kinyume cha katiba, na hapa sina lawama. Watu husema "kesi ya Brown" kana kwamba ni mzazi mmoja wa Topeka, Kansas, aliyeamka na kwenda mahakamani. Kumbe zilikuwa kesi tano, kutoka Kansas, South Carolina, Virginia, Delaware na jiji la Washington. Ile ya Virginia ilizaliwa na mgomo wa wanafunzi ulioongozwa mwaka 1951 na msichana wa miaka 16, Barbara Johns, katika shule iliyojaa hadi baadhi ya madarasa yakawekwa kwenye vibanda vya mbao vilivyoezekwa karatasi za lami. Mkufunzi alieleza vizuri jinsi wakili Thurgood Marshall na wenzake walivyoacha kudai usawa wa majengo na vitabu, wakaamua kuushambulia utengano wenyewe, na jinsi majaji wote 9 walivyokubaliana. Alieleza pia uamuzi wa mwaka uliofuata, ulioagiza shule ziunganishwe kwa maneno ambayo kwa Kiswahili tungesema "kwa haraka iliyopimwa". Mwalimu mmoja nyuma yangu alicheka kwa sauti, akasema kuwa mwanafunzi wake akiandika hivyo kwenye insha angemuuliza kama anakwenda au anasimama. Matokeo yalithibitisha kicheko chake, kwani kufikia mwaka 1964, watoto weusi waliosoma pamoja na weupe katika majimbo ya Kusini hawakufika 3 kwa kila 100, na wilaya ya Prince Edward, alikotoka Barbara Johns, ilizifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964 ili isizichanganye.

Kipindi cha tatu ndicho kilichonichosha. Saa mbili nzima zilitumika kwa picha za Little Rock, Arkansas, ya 1957: wanafunzi tisa weusi waliokwenda kusoma katika shule ya weupe, gavana Orval Faubus na askari wake waliowazuia, kisha Rais Eisenhower na wanajeshi wa kikosi cha 101 waliowasindikiza ndani. Ni habari nzito na inastahili kusimuliwa, lakini ndiyo sehemu ambayo kila mtu ukumbini alikuwa ameshaiona mahali fulani, na wakati uliotumika hapo ulikuja kukosekana mwishoni.

Jumamosi ya nne tulikuta juu ya kila meza ramani ya Detroit, iliyotolewa nakala kutoka katika ramani za miaka ya 1930 zilizochorwa na shirika la serikali lililoshughulikia mikopo ya nyumba. Katika zile za asili, mitaa imepakwa rangi nne: kijani kwa mitaa iliyohesabiwa bora, buluu, manjano, na nyekundu kwa ile iliyohesabiwa hatari kwa mkopeshaji, ambamo kuwepo kwa familia nyeusi kulitosha kuiporomosha daraja. Ile mashine iliyochoka ilikuwa imezigeuza rangi zote kuwa kijivu. Mkufunzi akaomba radhi, akatuma kijana dukani, na dakika kumi baadaye tukagawiwa penseli za rangi ili tuipake wenyewe kwa kufuata herufi zilizoandikwa juu ya kila mtaa, A ya kijani hadi D ya nyekundu. Watu wazima ishirini wameinama, wanachonga penseli na kuulizana kama mtaa huu ni C au D. Nyekundu ndiyo iliyokwisha kwanza kwenye meza yetu, na tulipoomba meza ya pili tukaambiwa nao wanaitafuta. Nimesoma kuhusu ramani hizo kabla, lakini sikupata kuzielewa kama nilivyozielewa nilipokuwa nikisubiri penseli.

Kisha akauchora mpaka wa jiji kwa wino mweusi, akatueleza kesi ya 1974. Jaji wa mahakama ya chini alikuwa ameona kwamba haiwezekani kuchanganya watoto ndani ya Detroit peke yake wakati familia nyeupe zimekwisha kuhamia vitongojini, hivyo akaagiza mpango utakaozihusisha wilaya 53 za shule za nje ya jiji. Mahakama ya Upeo iliukataa kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa hoja kwamba haikuthibitishwa kuwa wilaya hizo za nje zilishiriki katika kosa. Thurgood Marshall, ambaye kufikia hapo alikuwa mmoja wa majaji, aliandika upande wa walioshindwa. Mwaka mmoja kabla, kwa kura hizo hizo 5 kwa 4, mahakama ilikuwa imeamua katika kesi ya San Antonio kwamba katiba ya nchi haidai shule za wilaya maskini zipewe fedha sawa na za wilaya tajiri, na kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya nyumba na ardhi za mahali, mpaka ukawa umetenganisha watoto na pia mifuko. Sisi ambao watoto wetu huvuka feri ya Likoni alfajiri kwenda kusoma kisiwani hatukuhitaji maelezo marefu ili tuelewe mstari kwenye ramani unaweza kumfanya nini mtoto.

Hapa nina sahihisho moja. Mkufunzi alizungumza kana kwamba ramani zile ndizo zilizozaa mitaa ya ubaguzi, ilhali kwa kiasi kikubwa ziliandika ubaguzi uliokuwapo tayari. Kilichouma zaidi ni mikataba ya viwanja iliyokataza kuuziwa weusi, ambayo mahakama ziliacha kuitekeleza mwaka 1948 tu, pamoja na sera ya idara ya serikali kuu iliyodhamini mikopo ya nyumba tangu 1934 na kuipa kisogo mitaa ya weusi. Hayo aliyataja kwa sentensi moja tu.

Kipindi cha mabasi kilikuwa kizuri na kifupi. Mwaka 1971, katika kesi ya Charlotte, mahakama iliruhusu watoto wasafirishwe kwa mabasi ili shule zichanganyike. Mwaka 1974 Boston ikapokea agizo kama hilo kutoka kwa Jaji Garrity, na mabasi yaliyobeba watoto weusi kwenda South Boston yakapigwa mawe. Mkufunzi alikumbusha jambo ambalo husahauliwa, kwamba kwa miaka mingi mabasi ya Kusini yalikuwa yakiwabeba watoto weusi na kuzipita shule za weupe zilizokuwa jirani nao, na basi halikuwa tatizo wakati huo. Alieleza pia mgomo wa Februari 3, 1964, ambapo zaidi ya wanafunzi 460,000 wa New York hawakwenda shule kupinga utengano, miezi michache baada ya Chicago kufanya wa kwake. Mimi ni mwalimu wa historia na nilikuwa sijausikia mgomo huo wa New York.

Ndipo mama wa Kisauni akanyosha mkono. "Mwalimu, samahani. Watoto weusi walipohamishwa kwenda shule za weupe, wale walimu wao weusi walipelekwa wapi?" Mkufunzi akamjibu kwa heshima, "Hilo tutalifikia, mama." Hatukulifikia. Jibu ni kwamba makumi ya maelfu ya walimu na walimu wakuu weusi walipoteza kazi, kwa sababu shule zilizofungwa kwa ajili ya muungano zilikuwa karibu daima ni zile za weusi, na wazazi weupe hawakutaka watoto wao wafundishwe na mtu mweusi. Kozi inayohudhuriwa na walimu haikupaswa kulipita suala hilo.

Kipindi cha mwisho kilikimbizwa. Mkufunzi alitupitisha katika maamuzi ya 1991, 1992 na 1995 yaliyoziruhusu wilaya kuondoka chini ya usimamizi wa mahakama, kisha ule wa 2007 uliozuia Seattle na Louisville kutumia rangi ya mwanafunzi kumpangia shule, vyote kwa dakika ishirini. Hakupata nafasi ya kusema kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980 zaidi ya 40 kwa kila 100 ya watoto weusi wa Kusini walikuwa katika shule zenye weupe wengi, na kwamba idadi hiyo imeporomoka tangu hapo. Wala hakuligusa la kwetu, ambako serikali ya kikoloni iliziendesha shule za Wazungu, Wahindi, Waarabu na Waafrika kila kundi peke yake, hadi tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ilipopendekeza mfumo mmoja.

Pamoja na hayo yote, shilingi 3,500 zangu sizijutii, na kwa ajili ya kipindi cha nne peke yake ningelipa tena. Nimewaandikia waandaaji nikiomba Little Rock ipunguzwe hadi saa moja na walimu weusi wapewe Jumamosi yao. Wamejibu kuwa watalifikiria. Awamu ijayo itatangazwa kwenye mlango wa jengo lenyewe. Atakayekwenda afike na maji yake ya kunywa, akae upande wa dirisha, na achukue penseli nyekundu.