TAHADHARI: Anauza machapisho ya printa kama nota halisi za kale

Ndugu wapenzi wa nota za kale za Marekani, yaani karatasi za nyimbo zilizochapwa, kuna muuzaji mtandaoni anayedai amekuta nota kwenye benchi la piano, lile lenye kisanduku cha kuzihifadhia, la marehemu bibi yake. Akishtukiwa hubadilisha jina la ukurasa, basi mtambueni kwa mwenendo wake.

Picha anazichukua kwenye mkusanyo wa Lester Levy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, ambao uko wazi kwa kila mtu. Linganisheni: doa na mkunjo vikiwa palepale, karatasi hiyo hanayo. Mwombe picha ya jalada likiwa juu ya gazeti la leo, pamoja na kurasa za ndani. Hatatuma, ataanza kukuharakisha eti kuna mteja mwingine.

Rafiki yangu aliuziwa "Maple Leaf Rag", muziki wa piano wa mtunzi Mmarekani mweusi Scott Joplin, kama toleo la kwanza la 1899. Toleo hilo mchapishaji John Stark alilitoa Sedalia, Missouri. Aliyotumiwa ina anwani ya St. Louis, alikohamia Stark baadaye. Mwaka unaosomeka chini ya ukurasa ni wa hakimiliki, na uliendelea kuchapwa vilevile kwa miaka mingi. Sasa hata hiyo ya St. Louis yenyewe ni ya printa! Imeniuma sana. Joplin alikuwa mtoto wa baba aliyewahi kuwa mtumwa, na karatasi zake zilizobaki zinastahili heshima kuliko hii.

Chukueni rula. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza nota hizi zilikuwa kubwa, kama sentimita 27 kwa 34. Kufikia 1920 hivi zilishuka hadi karibu 23 kwa 30. Zipo halisi zilizopunguzwa kingo ili zienee kwenye benchi, lakini hizo herufi zake hubaki na ukubwa uleule. Za huyu zimesinyaa zote, picha na maandishi. Zimulikeni pia kwa ile taa ya kukagulia noti bandia: karatasi za kisasa nyingi hung'aa buluu, za enzi zile hazing'ai hivyo. Vitone vya uchapaji kwenye picha ya mwimbaji iliyo jaladani visiwatishe, hata zamani vilikuwepo.

Anapendelea kutumiwa pesa moja kwa moja, bila ulinzi wa mnunuzi. Kataeni. Aliyekwisha kulipa kwa kadi awasilishe pingamizi benki leo, na bahasha asiitupe.