Matembezi ya Mji wa Kale Mombasa: vya kula vizuri, adabu ya mwongozaji ndiyo iliyonishinda

Sitaeleza matembezi haya yanachukua saa ngapi wala yanaanzia wapi, hayo yako kwenye tangazo lao. Mimi nina jambo moja, nalo ni vile kijana aliyetuongoza alivyomjibu mzee wa watu akiwa amekaa kwenye baraza yake mwenyewe.

Ni majuzi, kabla mvua hazijashika. Wifi yangu na mumewe walikuwa wametoka bara kuja kututembelea, wakataka kuuona mji kwa miguu na kuonja vya kuonjwa. Kuwatembeza ningeweza mwenyewe, lakini nikataka wasikie historia kwa mtu aliyeisomea. Tukalipa. Kulikuwa pia na wageni wawili wa ng'ambo, mke na mume, watu wapole kabisa.

Fort Jesus tukaipita mbio. Kijana akataja kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kwamba aliyeichora alikuwa Mtaliano, Cairati. Vizuri, nikasema moyoni, huyu anajua. Kisha tukafika kwenye vyombo vilivyozamuliwa kutoka kwenye meli ya Santo António de Tanná, iliyokwenda chini hapohapo mbele ya ngome mwaka 1697. "Hivi ni vitu vya zamani," akasema, na miguu yake imeshatangulia mlangoni. Basi. Meli imetoka Goa kuja kuwaokoa Wareno waliozingirwa na Waomani, imezama, imelala baharini karne karibu tatu mpaka wapiga mbizi wakaifikia, halafu inaitwa vitu vya zamani! Nikanyamaza kwa ajili ya wageni wangu.

Tukaingia Ndia Kuu. Mbele kidogo kuna baraza, wazee wamekaa, muuza kahawa na dele lake yuko pembeni. Kijana akasimama katikati yao kama kwamba hakuna watu. Hakutoa salamu. Hata "asalamu aleikum" ya haraka ile ya mpita njia, hakutoa. Akapaza sauti kuwaambia wageni kwamba Waomani waliizingira ngome kwa miezi mitatu, wakaitwaa.

Mzee mmoja mwenye kofia ya viua akaweka kikombe chini. "Si mitatu, mwanangu. Ni thalathini na mitatu. Machi 1696 mpaka Disemba 1698." Alisema taratibu, anacheka, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mjukuu wake.

Kijana akageuka nusu tu. "Mzee, we kunywa kahawa yako. Hii ni kazi ya watu."

Wallahi nilitaka ardhi inimeze. Mzee akamtazama, akasema, "Haya." Hilo tu. Na anayeijua Mombasa anajua "haya" ya namna hiyo ina uzito gani.

Tena angefikiri kidogo asingehitaji kusahihishwa na mtu. Dakika chache nyuma ametupitisha kwenye vyombo vya meli iliyokuja kusaidia mwaka 1697. Ngome iliyoanza kuzingirwa mwaka 1696 ingekuwaje ikaanguka ndani ya miezi mitatu? Jibu lilikuwa ndani ya makabati aliyoyapa mgongo.

Nikamwendea mzee nikamwambia atuwie radhi. Akasema hapana neno, vijana wana haraka, akatusogezea nafasi. Wifi yangu akakaa. Kijana akapiga makofi, "twende, twende, tunachelewa," wifi akamjibu, "Tangulia, baba, sisi tutakufuata." Wale wa ng'ambo nao wakasita, kisha wakabaki wamesimama wanasikiliza wasichokielewa, mpaka shemeji akaanza kuwatafsiria. Hapo ndipo tuliposikia jinsi tauni ilivyoingia ngomeni ikawamaliza watu, mpaka uongozi ukaangukia mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, Mswahili, akaishikilia ngome kwa muda hadi meli za msaada zilipofika. Kwa hiyo si Wareno kwa Waomani tu, Waswahili walikuwa pande zote. Mambo haya tuliyapata bure, kwa mtu aliyeambiwa anywe kahawa yake. Na kahawa yenyewe akatulipia yeye, akakataa katakata pesa zetu.

Sasa niseme haki, maana nikiacha nitakuwa nimedhulumu. Kwenye chakula kijana yule hana mfano. Mahamri na mbaazi alizotupeleka kula zilikuwa na nazi ya kweli, tui zito. Viazi karai vikatoka mafutani vikiwa bado vinachuruzika, na ukwaju wenye pilipili iliyomtoa shemeji jasho la utosini. Mama muuzaji alimpokea kwa furaha, naye akamwamkia vizuri, akamuuliza hali ya watoto mmoja mmoja. Hapo hasira zikaanza kunishuka. Halafu zikapanda upya: kumbe adabu anayo! Anaijua, ila huchagua wa kumpa.

Tangazo linaahidi na mazingira asilia, yaani mibuyu ya Mama Ngina. Tulifika, tukaiona, kwa sababu ina ukubwa wa kuonekana hata bila mwongozaji. Yeye alikuwa kwenye simu. Shemeji, ulimi mwekundu kwa pipi za mabuyu tulizonunua njiani, akauliza kama mbegu anazozimumunya zinatoka kwenye miti ile. "Ndiyo," kijana akasema, simu iko sikioni. Nikaeleza mimi: unga mchachu unaoshikilia mbegu, sukari, rangi, iliki kidogo. Upepo wa bahari ulikuwa mzuri, meli zinaingia Kilindini, mihogo ya kukaanga ina ndimu na pilipili ya kutosha, wifi yangu amejiegemeza kwenye ukuta anasema hataki kurudi kwao. Siku haikuharibika. Hilo nalikubali.

Ndiyo maana mwanzo niliweka nyota tatu. Nikawaandikia wenye kampuni kwa upole, nikawaambia wamrudishe kijana wao kwa yule mzee akamtake radhi, na wafikirie kumlipa mzee awe anasimulia kipande kile cha kuzingirwa. Wamejibu leo. Eti mwongozaji wao ana cheti, eti wenyeji wa mitaani huwa wanasumbua watalii, na eti nitapewa punguzo nikirudi tena.

Wenyeji wanasumbua! Baraza ni yake, mtaa ni wake, kahawa tumekunywa yake. Nimerudi juu nimefuta nyota mbili. Iliyobaki ni ya mama wa viazi karai, na kwake mnaweza kwenda bila kumlipa mtu yeyote.