Bogenvilia za kitalu kimoja cha Barka, Oman
Kwa anayetaka maua ya kutambaa ukutani huku Muscat, ambako joto la Juni hupita nyuzi 40, nakipendekeza kwa moyo mmoja kitalu hiki cha Barka, hasa kwa bogenvilia zake. Miche huzoezwa jua kali kabla ya kuuzwa, na muuzaji huuchana mfuko wa plastiki kwa wembe badala ya kuuvuta mche, kwa kuwa mizizi yake ni dhaifu na ikikatika mmea hudumaa. Alinisisitizia pia nisimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke, maana maji yakizidi hupatikana majani matupu. Bei iko juu kidogo, lakini ni ya haki. Asumini zao sikuzipenda: majani yalikuwa yameungua kingoni.