Tathmini ya mabadiliko ya bahari, Jambiani, Zanzibar: nyota 3 kati ya 5

Watu wanne walikuja kijijini kwetu siku tatu kutathmini nani ataumia zaidi, na kiumbe gani, bahari ikizidi kubadilika. Taasisi yao siitaji. Nalima mwani tangu 1994, na najua vikundi vingine vya pwani vinafikiria kuwaita watu kama hawa.

Kilichonigusa ni kalenda. Walichora miezi mchangani, kila mmoja wetu akapewa kunde kumi aweke pale maji yanapokuwa moto mpaka mwani unadhurika. Rundo likajaa Januari hadi Machi. Miezi hiyo kotonii, aina ya mwani wenye bei nzuri, hugeuka nyeupe, ikakatika kwenye kamba, tukabaki na spinosamu, aina nyingine yenye bei ndogo. Mzee mmoja mvuvi akawaonyesha matumbawe yaliyopauka joto la 1998 na wapi samaki walipohamia. Walimsikiliza saa nzima bila kumkatiza.

Lakini siku ya kwanza waliipanga katikati ya bamvua! Bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndiyo siku zetu za kazi, maji yanatoka mbali na sisi tuko huko na kamba zetu. Kikundi chetu kina wanachama 23, waliofika ukumbini watano. Nikamwambia binti aliyewaongoza, "Mwanangu, ukitaka kumwona mwenye shida, angalia mwezi kwanza." Akahamishia vikao jioni siku hiyohiyo. Nampongeza.

Kisha wakatupa alama 4 kati ya 5 kwenye uwezo wa kuhimili, kwa sababu kotonii inaweza kulimwa maji ya kina, ambako joto ni afadhali. Kweli, inaweza. Ila huko hufiki kwa miguu, unataka chombo na unataka kuogelea. Shoga yangu akauliza ukumbini, nani anajua kuogelea? Mikono miwili, wanawake kumi na tisa. Alama wakaifuta mbele yetu, wakaandika 2. Kwangu hiyo dakika moja ilizidi madodoso yote.

Nyota mbili nimezikata kwa ile bamvua na kwa ripoti, iliyokuja kwa Kiingereza. Mkiwaita, wapeni tarehe za bamvua mapema, na muandikiane kabisa kwamba ripoti itakuwa ya Kiswahili. Yetu bado tunaidai. Tulichonacho ni ile kalenda, binti aliinakili kwenye karatasi kubwa, tumeibandika bandani tunapokaushia mwani.