Adili na Nduguze kwa jicho la mpenzi wa hadithi za ajabu

Msomaji wa Kiswahili anayependa hadithi za sayansi na za ajabu akiuliza aanzie wapi katika lugha yake, jibu analopewa mara nyingi ni Kusadikika. Mimi sikubaliani nalo. Kitabu ninachokipa nafasi ya kwanza ni Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, mwaka mmoja tu baada ya Kusadikika, kwa kalamu ileile ya Shaaban Robert, ingawa hakijapata kuzungumzwa sana kwa kuwa hakina fumbo kubwa la kisiasa la kumpa mhakiki kazi. Tathmini hii ni ya mpenzi wa fani na si ya mwalimu wa fasihi, na kwa hiyo ninapima kwa swali moja: maajabu yaliyomo yana sheria zake, na anayeyagusa hulipa nini?

Kisa kinaanzia kwenye shughuli ya kiserikali isiyo na uchawi hata chembe. Mfalme Rai wa Ughaibuni, mtawala mwenye huruma kwa watu na kwa wanyama, anamtuma kijana Ikibali kwenda Janibu kwa liwali Adili kufuatilia kodi iliyochelewa. Adili anampokea mgeni kwa ukarimu wote, lakini usiku Ikibali anagundua kwamba mwenyeji wake huingia mahali walipofungwa manyani wawili, akawachapa kwa mjeledi bila huruma, kisha akawalilia, akawaomba radhi na kuwalisha. Mtu mwema anafanya jambo baya, tena kwa ratiba, tena huku akilia. Sijui mwanzo mwingine katika nathari yetu unaomkamata msomaji wa hadithi za ajabu kwa haraka namna hiyo, kwa sababu ajabu lenyewe halijaelezwa bado. Tunaloona ni gharama yake tu.

Maelezo yanapokuja, yanatoka kinywani mwa Adili mwenyewe. Manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliotapanya mali yao, wakasaidiwa, na hatimaye wakamtosa baharini aliyewasaidia. Jini Huria, ambaye Adili alikuwa amemwokoa zamani, akawageuza kuwa manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku, la sivyo adhabu itamwangukia yeye. Hapa ndipo ninapomvulia kofia mwandishi. Jini anayetoa zawadi ni jambo la kawaida katika hadithi za pwani, lakini jini anayelipa fadhila kwa kumgeuza mfadhili wake kuwa mtesaji wa ndugu zake ni jambo jingine kabisa. Adili hana njia ya kutoka: akitii anaumia moyo, akikaidi anaumia mwili, na zaidi ya hayo anaishi chini ya mfalme ambaye haki za wanyama kwake si mzaha. Sheria ya majini na sheria ya dola zinagongana katika chumba kimoja chenye mjeledi, na hadithi nzima inasonga mbele kwa nguvu ya mgongano huo.

Ni kweli kwamba mifupa ya kisa hiki si ya Shaaban Robert. Anayeifahamu Alfu Lela Ulela atakitambua kisa cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra katika zama za Harun al-Rashid, khalifa wa Baghdad, ambaye nduguze waligeuzwa kuwa mbwa. Wapo wapenzi wenzangu wanaokitoa kitabu hiki maksi kwa sababu hiyo. Mimi nakiongezea, kwa kuwa badiliko moja, la kuwaondoa mbwa na kuwaweka manyani, limekifanya kisa kiumize zaidi. Mbwa akichapwa tunamhurumia kama mbwa. Nyani ana vidole, ana uso, na macho yake yanamtazama anayempiga kama mtu amtazamavyo mtu. Badiliko la pili ni kuiondoa Baghdad na Basra na kuweka nchi ambazo hazimo katika ramani yoyote, jambo ambalo kila mjenzi wa dunia za kubuni analijua thamani yake: msomaji hana pa kukimbilia kuhakiki, inambidi aamini kitabu.

Sehemu ya mji uliogeuka mawe nayo inastahili kutajwa. Adili anaingia katika mji ambamo watu wameganda walipokuwa, na anayemkuta hai ni binti mmoja tu, Mwelekevu. Mwandishi hatumii damu wala kelele kututisha. Ukimya wa mji unatosha. Ninachosikitikia ni kwamba Mwelekevu, aliyeishi peke yake katikati ya mawe na ambaye bila shaka alikuwa na mengi ya kusimulia, anapofika katika jahazi la Adili na nduguze anakuwa sababu ya wivu wa wanaume basi. Hilo ni pengo la kweli, na kitabu hakiteteki kwa kusema kwamba zama zilikuwa hivyo.

Kasoro nyingine ni majina. Ukimwita mtu Hasidi na nduguye Mwivu, umekwisha kumwambia msomaji mwisho wa safari kabla jahazi halijang'oa nanga. Kuna watakaosema ndivyo ilivyo desturi ya hadithi za maadili, nami ninakubali, ila mashaka ni roho ya hadithi ya ajabu, na hapa mashaka kuhusu tabia za watu hayapo kabisa. Tunabaki na mashaka juu ya yatakayotokea, ambayo kwa bahati njema yanatosha. Wema unarudiwa kusifiwa mno, na zipo aya ambazo ningeziruka bila kukosa kitu. Lugha, kwa upande wake, imebaki na ladha yake: sentensi fupi zilizopimwa, zilizoandikwa na mtu aliyekuwa mshairi kabla ya yote.

Sasa niseme kwa nini Kusadikika kwangu kinakuja nyuma. Kwa ujenzi wa dunia, kinakishinda Adili na Nduguze kwa mbali. Nchi inayoelea angani, iliyopakana na pepo badala ya mito na milima, Kaskazi upande mmoja, Kusi upande mwingine, Matlai mashariki na Umande magharibi, ni wazo ambalo mwandishi yeyote wa fani hii, popote duniani, angelionea kijicho. Wajumbe wanatumwa pande zote, mmoja akipelekwa juu mbinguni na mwingine akishuka hadi ardhini, na ni humo tunapogundua kwa mshtuko wa raha kwamba ardhi yetu hii tunayoikanyaga, kwa watu wa Kusadikika, ni ughaibuni. Lakini safari hizo zote tunazisikia mahakamani, kutoka kwa mshtakiwa Karama anayejitetea dhidi ya Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Kila safari ni hoja ya utetezi, na kila mjumbe anarudi na mapendekezo ya kuiboresha nchi, kisha anatiwa gerezani. Mara ya kwanza inasisimua. Kufikia ya nne msomaji anajua mkondo wote. Kilichoandikwa chini ya ukoloni kilikuwa na sababu nzuri ya kujificha nyuma ya mfano, na kama hoja ya kisiasa sina la kukilaumu. Kama hadithi ya ajabu, hata hivyo, kimetuonyesha mlango wa anga kisha kikatuketisha kwenye benchi la mahakama.

Kwa upande wa sayansi, uteuzi wangu ni Walenisi cha Katama Mkangi, kilichochapishwa mwaka 1995. Mkangi alikuwa mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa katika miaka ya 1980, na hasira ya uzoefu huo inaonekana katika kurasa za mwanzo, ambapo Dzombo anahukumiwa kifo kwa kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Kwamba dola inatumia teknolojia ya juu kabisa kama kitanzi ni wazo kali, na sehemu ambayo Dzombo anafaulu kukimudu chombo hicho inasomeka kwa pumzi moja. Baada ya kutua kwenye nchi ya haki na usawa, mwendo unapungua: wenyeji wanaeleza, mgeni anashangaa, wenyeji wanaeleza tena. Hilo ni tatizo la kila nchi ya ndoto iliyowahi kuandikwa, si la Mkangi peke yake. Ningeshauri kisomwe kwa ajili ya chombo, na nchi ivumiliwe.

Nagona na Mzingile vya Euphrase Kezilahabi, vya mwaka 1990 na 1991, sivipendekezi kwa anayeanza. Ni vitabu vifupi vinavyohitaji subira kuliko vitabu vinene, na humo sheria za dunia hubadilika bila taarifa. Anayevipenda huvipenda sana.

Na kwa wale wanaotaka kutazama badala ya kusoma, ipo Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya ya mwaka 2009, yenye urefu wa dakika 20 na ushei. Miaka 35 baada ya vita vya maji, watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo vinasafishwa na kunywewa tena, na ndoto zinazimwa kwa vidonge. Asha, anayefanya kazi katika jumba la makumbusho, anapokea udongo usio na sumu, anaoteshea mbegu, kisha anatoroka kwenda jangwani. Kwa kipimo changu cha sheria na gharama inakaribia kukifikia Adili na Nduguze, kwa kuwa kila tone la maji lina hesabu na tunaona nani analilipia. Lawama yangu ni moja: jina limechukuliwa kwetu, lakini maneno machache yanayopita kati ya wahusika ni ya Kiingereza, ilhali filamu yenye ukimya kiasi kile isingegharimika chochote kwa kumwachia Asha aseme kwa Kiswahili.