Ofisi ya msaada wa kisheria karibu na soko kuu, Mtwara mjini: nyota nne

Nimeona wabanguaji wenzangu wa korosho wakiumia kazini, wakapewa nauli na hela ya maziwa, kisha wakarudi Newala na Nanyamba na vidole pungufu. Hakuna aliyewaambia kwamba kuna zaidi ya hapo. Hii ofisi inawaambia watu, tena bure.

Mimi nabangua korosho kwa mashine za mkono na mguu. Unapachika korosho iliyopikwa kwa mvuke katikati ya visu viwili, unakanyaga pedali, unavuta mkono, ganda linapasuka. Vidole tunavipaka mafuta ili ule utomvu mkali wa ganda usituunguze ngozi, kwa hiyo vinateleza muda wote. Springi ya pedali yangu ilikuwa imelegea na msimamizi alishaambiwa. Kisu kilirudi mkono ukiwa bado ndani, kikaondoka na ncha ya kidole cha shahada. Hospitali ya Ligula walinihudumia vizuri. Kiwandani nikaletewa karatasi niisaini, kwamba nimeumia kwa uzembe wangu na sidai kitu.

Nikaipeleka pale sokoni. Msaidizi wa kisheria, mama wa makamo, aliisoma taratibu halafu akasema, "Mwanangu, hapa usitie sahihi wala dole gumba."

Alinieleza kwa Kiswahili cha kawaida. Fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, haisubiri mwajiri akutwe na kosa. Umeumia ukiwa kazini, unastahili. Kufanya utovu wa nidhamu kwa makusudi ni habari nyingine. Mchango ni wa mwajiri, nusu asilimia ya mishahara anayolipa, na haramu kuukata kwako. Akipata taarifa ya ajali ana siku 7 za kuufikishia Mfuko. Matibabu yanalipwa, na wakati huwezi kufanya kazi unapata asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Kidonda kikipona madaktari wanapima ulemavu uliobaki: usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Ukikaa kimya miezi 12 bila kutoa taarifa, haki inapotea. Hilo la mwisho liliniuma, maana nawafahamu waliokaa kimya.

Kilichonifurahisha hasa ni kazi ya mikono yao. Waliandika taarifa ya ajali nakala mbili, wakanituma nayo kiwandani na maagizo kwamba nakala yangu irudi na muhuri wa kupokelewa. Mkataba wa maandishi sina, kama vibarua wengi wa msimu. Wakaniomba meseji za malipo kwenye simu, kadi ya hospitali, majina ya wenzangu wawili walioona, na picha ya mashine kabla haijatengenezwa. Picha alipiga shoga yangu wa meza ya pili, Mungu ambariki. Baada ya ile nakala ya muhuri, sauti za ofisini kwetu zilibadilika. Taarifa ilipelekwa, matibabu yakalipwa, asilimia 70 ikaanza kuingia. Sasa nasubiri kupimwa.

Nyota moja nimeibakiza kwa sababu ya chumba. Meza ni moja, foleni iko humo humo, na unasimulia kuumia kwako mbele ya mtu wa kesi ya shamba na mtu wa talaka. Dada mmoja alinyanyuka akaondoka bila kusema shida yake, nami sikumlaumu. Ijumaa mchana wamefunga. Na hawasimami mahakamani, sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 haiwaruhusu; kesi ikifika huko wanakutafutia wakili.

Mwenzangu aliyeambiwa asirudi kazini baada ya kuungua kwenye boila walimharakisha aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, maana malalamiko ya kuachishwa kazi yana siku 30 tu.

Nenda asubuhi, beba kila karatasi hata iliyochanika. Wao hawachukui asilimia yoyote ya fidia yako. Yule kijana anayekaa nje na mkoba akiahidi kukufuatilia malipo Dar es Salaam si mtu wao, usimpe hata hela ya soda.